Ala za Nyaya katika Lori Kuukuu

Mtu akifunua boneti ya lori, macho yake huvutwa kwanza na vitu vikubwa: injini yenyewe, rejeta, feni na mkanda wake. Nyaya hazitazamwi, maana hazizunguki wala hazitoi sauti. Walakini sisi tulioshiriki kazi ya kuzivika upya nyaya za lori la kijiji chetu tumeona ya kuwa salama ya gari, na ya watu waliomo, yategemea sana kitu hicho kidogo, yaani ala ya waya.

Lori lenyewe ni Bedford. Magari ya jina hili yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1931 na kampuni ya Vauxhall, na namna hii yetu, iitwayo TJ, ilianza kutoka mwaka 1958. Ni mzee miongoni mwa malori, bali ndilo lichukualo mahindi yetu mpaka gulioni, na siku ya shida humchukua mgonjwa hospitali. Basi dereva alipotuarifu ya kuwa kila akipanda mlima husikia harufu ya mpira unaoungua, hatukuweza kulidharau neno lake. Wako waliosema, "Mwalimu, na tuvune kwanza, habari za harufu baadaye." Mzee fundi akawajibu, "Wanangu, moto haungoji mavuno." Lori likasimamishwa siku tatu, katika wakati wa kazi nyingi, na manung'uniko hayakukosa.

Yafaa tueleze sababu ya hofu yake. Bomba la kutolea moshi, pale lishikamanapo na injini, hupata joto la mamia ya digrii lori lipandapo mlima na mzigo. Gamba la plastiki la waya wa kawaida halivumilii sana kupita digrii 70 au 105, kwa kadiri ya namna yake. Nyaya za zamani zaidi zilivikwa mpira, na juu yake pamba iliyosukwa. Joto la miaka mingi huukausha mpira hata ukapasuka kama udongo wa kiangazi, na mafuta huiozesha pamba. Ndipo shaba hubaki uchi. Shaba hiyo ikigusa fremu, nguvu za betri hupita hapo kwa mkupuo, na waya huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Tena waya mnene uendao kwenye stata, katika magari mengi, hauna fyuzi ya kuuzuia. Bomba la petroli likiwa karibu, msomaji atajua yaliyosalia.

Tulikuta mahali pengi pamefungwa mpira wa ndani wa baiskeli, na pengine tepu ya plastiki. Hatuwalaumu waliofunga, maana walitumia walichokuwa nacho njiani. Lakini mpira huo huungua wenyewe, na gundi ya tepu huyeyuka, ikashika vumbi na mafuta. Hivyo kilichowekwa kiwe kinga hugeuka kuwa kuni.

Fundi alianza kwa betri. Alifungua kwanza waya ule ulioshikamana na fremu, kwa kuwa spana ikiteleza baadaye haiwezi tena kutoa cheche. Upande wenyewe yapasa kuutazama, si kuukisia, maana magari mengi ya zamani ya Uingereza yalifunga chanya kwenye fremu, wala si hasi kama magari ya leo. Kazi yetu sisi ilikuwa kuandika namba katika vipande vya karatasi ngumu na kuvifunga, kimoja kwa kila ncha. Rangi za magari hayo zina maana yake: kahawia ni umeme wa betri sikuzote, nyeupe ni wa swichi ya injini, nyeusi ni wa kurudi kwenye fremu. Bali mafuta na joto huzifanya zote kuwa nyeusi, na mwenye kutegemea macho tu atapotea.

Waya uliopasuka gamba lake uliondolewa kabisa, maana ala haimponyi waya mfu. Ala mpya husukwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa silikoni, nazo huvumilia hata digrii 260 hivi. Sharti waya uvikwe kabla ya kutiwa kichwa chake. Kisha ukafungwa mbali na bomba la moshi, ukaachiwa ulegevu kidogo, kwa sababu injini hutikisika. Ala si ruhusa ya kuulaza waya juu ya moto.

Liko neno moja zaidi, nalo ni kubwa kuliko yote. Juu ya bomba palikuwa na kitambaa cha kijivu kilichovunjika-vunjika. Zamani vitambaa vya kuzuia joto vilifanywa mara nyingi kwa asibesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30, hata 40. Uingereza iliukataza utumizi wake uliobaki mwaka 1999. Kwa macho asibesto haitambulikani. Kwa hiyo fundi aliwafukuza watoto waliokuja kutazama, akakataza kufagia na kupuliza, na bwana afya akaitwa. Kililoweshwa maji, kikaondolewa kwa barakoa ya kazi hiyo, kikafungwa katika mifuko miwili. Enyi wazazi, vijana wenu wanaojifunza ufundi chini ya magari makuukuu huvuta pumzi humo kila siku, waulizeni wanachofagia.

Lori limerudi kazini, na dereva hasikii tena harufu ile mlimani. Namba zetu tumezinakili katika daftari, kila waya na mahali pake, likawekwa kwa mwenye kutunza funguo, ili fundi atakayekuja baada yetu asikisie.