Kabla Shule Hazijafunguliwa

Jumamosi, 28 Desemba 2024
Maharage nililoweka jana usiku. Yameiva mapema, mkaa umebaki.

Leo kukata sare za shule tu. Cherehani sikuigusa. Vitambaa tabaka juu ya tabaka, chaki, mkasi mzito, basi. Kola zote kesho, mikono kesho kutwa. Mtu ukishika jambo moja, vidole vinakwenda vyenyewe.

Soko nimemwachia baba watoto. Kutoka Mgandini karudi na mchicha, nyanya zilizoiva mno, na dagaa ambao sikuwaagiza. Tumekula dagaa. Watamu.

Jumatatu, 30 Desemba
Kupiga pasi shuka: basi. Kufagia uwanja jioni: basi, asubuhi inatosha.

Wifi kapita saa kumi na moja, kautazama uwanja.
"Leo hamjafagia, wifi?"
"Tumefagia asubuhi."
Nikaendelea na kola. Najua kabla ya Isha litakuwa limeshamfikia mama mkwe. Lifike. Ila moyo ulidunda.

Umeme ulikatika mchana. Ovaloki ikazima, mimi nikahamia cherehani ya kukanyaga, mishono ya mabega ilikuwa inanisubiri. Hakuna saa iliyopotea. Raha hiyo!

Alhamisi, 2 Januari 2025
Vifungo kapewa mwanangu mkubwa. Nilimwonyesha: uzi mara mbili, pitisha, zungushia chini ya kifungo kisimame, fundo kwa ndani. Nikakivuta alichoshona. Kimeshika. Toka hapo nimenyamaza, ingawa ulimi unawasha. Ukimpa mtu kazi kisha ukamsimamia kila kifungo, umejiongezea kazi.

Anataka alipwe. Ana haki. Shati moja shilingi 200. Alianzia 500, uso mkavu kama wauza samaki wa soko la Deep Sea. Nimefurahi, sijui kwa nini nimefurahi hivi.

Mdogo ana vyombo. Sufuria zinabaki na masizi nje, ndani zinang'aa. Chakula kinapikwa ndani.

Jumapili, 5 Januari
Usiku sikulala vizuri. Sketi za marinda zote nimempa fundi wa barabara ya 12. Marinda yananila siku nzima, yeye anayapanga huku anaongea na wateja. Mashati yake yanakuja kwangu. Hesabu inakubali. Lakini akina mama wateja wangu wakishaijua njia ya kwake? Marinda ndiyo yenye pesa. Wakati huohuo tarehe 13 shule zinafunguliwa, watoto wanataka kuvaa, na mimi mikono ni miwili. Nimesema nimempa, nimempa.

Mchana mama mkwe kaja mwenyewe. La uwanja hakulitaja. Kakaa na mkubwa, wakashona vifungo pamoja, akataka amsuke kabisa ili mimi nipate nafasi. Nikamwambia, mama, ahsante, vifungo ndiyo, nywele hapana. Zitanyolewa wiki hii, shule haizitaki, najua. Hata hivyo nimemsuka jioni, kwenye mkeka, mafuta ya nazi, taratibu. Hapo ndipo anaponiambia mambo. Leo kaniambia hesabu zinamtisha, na kwamba kuna mwenzake hatarudi shule. Angemwambia nani mwingine? Kazi hii sigawi. Kola zisubiri.

Kesho: mashati ya barabara ya 12. Uzi mweupe umekwisha, baba yao apitie dukani. Sindano namba 14, mbili.