Dokezo Lililomwandama Jean Seberg

Jean Seberg alizaliwa mwaka 1938 Marshalltown, mji mdogo katika jimbo la Iowa, baba yake akiwa mwenye duka la dawa. Akiwa na miaka 14 tu alijiunga na NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, ingawa yeye alikuwa mweupe. Otto Preminger alimchagua kati ya maelfu ya wasichana aigize katika Saint Joan, filamu ambayo haikupokewa vizuri. Mwaka 1960 akang'ara Ufaransa katika À bout de souffle ya Jean-Luc Godard. Wapenzi wa sinema wana mengi ya kusema juu ya filamu hiyo. Mimi huvutwa zaidi na jalada lake lililokuwa Washington.

Seberg alikuwa akiwachangia fedha Black Panther, kundi lililobeba silaha na lililowapa watoto wa mitaa maskini kifungua kinywa kabla ya shule. Kwa FBI, michango hiyo ilitosha kumfanya adui. Aprili 1970, ofisi yake ya Los Angeles iliomba kibali cha makao makuu ili isambaze uvumi kwamba mimba aliyokuwa nayo mwigizaji huyo ni ya kiongozi wa Black Panther. Lengo liliandikwa waziwazi: aaibike, na hadhi yake ishuke mbele ya umma. Makao makuu ya J. Edgar Hoover yaliafiki, yakiongeza ushauri mmoja: isubiriwe kama miezi miwili, mpaka tumbo lionekane, ili chanzo cha habari kisigundulike.

Watumishi wa umma wanaonisoma wataitambua lugha hiyo. Ombi, sababu, pendekezo, idhini. Ndivyo tunavyoomba hata viti vya ofisi. Aliyeshauri kusubiri pengine alijiona mtumishi makini, na kwa vigezo vya masijala alikuwa makini kweli. Ndiyo maana dokezo hili hunitisha kuliko hotuba yoyote ya chuki: ndani yake hakuna hasira hata chembe, na mama mjamzito amekuwa shauri la kushughulikiwa kwa wakati mwafaka.

Mwezi Mei uvumi ulitokea katika safu ya udaku ya Los Angeles Times, bila jina. Agosti, Newsweek likamtaja. Mwezi huo huo Seberg alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa baada ya siku mbili. Alimzika Marshalltown, mwili ukiwa wazi, ili watu waje watazame rangi ya ngozi yake. Sijui adhabu kubwa zaidi ya hiyo kwa mzazi: kumfanya maiti wa mwanawe kuwa ushahidi.

Yeye na mumewe wa zamani, mwandishi Romain Gary, walilishtaki Newsweek Ufaransa wakashinda. Ushindi huo haukumponya. Septemba 1979 alikutwa amekufa ndani ya gari lake Paris, akiwa na miaka 40. Siku chache baadaye FBI ilikiri hadharani kwamba mpango ule ulikuwepo, na mkurugenzi wake mpya akasema mambo ya namna hiyo yamekwisha pita. Hoover hakuwepo kujibu. Alifariki mwaka 1972, akiwa bado ofisini.