Kabla ya kuongeza nguvu ya turbo, pima presha ya petroli

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya, neno presha nalisikia karibu kila siku. Ya mama imepanda, ya jirani imeshuka, baba hataki kabisa kupimwa. Mwaka jana neno hilo hilo liliingia kwenye mazungumzo ya familia yetu kwa njia nyingine, safari hii likihusu petroli.

Kaka yangu ana Subaru yenye turbo, iliyotumika Japani kabla ya kufika Dar es Salaam. Ndiyo inayopeleka watoto shule, na Desemba ndiyo inayotupeleka Iringa kwa wazazi. Wiki chache kabla ya safari aliamua kuiongeza nguvu turbo, kama walivyofanya rafiki zake. Wifi yangu akanipigia simu: "Wifi, zungumza na kaka yako. Hela anayotaka kuitumia ni ada ya Januari, na gari lenyewe kwenye foleni linatetemeka."

Kaka ni mkubwa wangu, na kumkataza nisingeweza. Nilimwomba jambo moja tu: kabla ya kumlipa mtu yeyote, twende kwa fundi wake wa siku zote, gari lipimwe. Akakubali.

Fundi alimsikiliza, kisha akasema, "Bosi, kuongeza turbo si kazi kubwa. Swali ni kama petroli itafika."

Kwa lugha nyepesi, turbo ni kama feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo huisukumia injini hewa nyingi. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Petroli husukumwa na pampu kutoka kwenye tangi, hupita kwenye filta, kisha hufika kwenye nozeli zinazoinyunyiza. Katika injini nyingi za aina hiyo presha yake huwa karibu psi 43. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa karibu psi 30.

Sasa, nozeli hunyunyizia petroli ndani ya njia ya hewa, na turbo ikishika kasi, njia hiyo nayo hujaa presha. Tuseme turbo inasukuma psi 14. Kama petroli itabaki kwenye 43, tofauti ni 29 tu. Petroli inayotoka hupungua kwa karibu moja ya tano, wakati ule ule injini inapohitaji nyingi zaidi.

Ndiyo maana kuna regyuleta, kifaa kidogo kilichounganishwa na njia ya hewa kwa mpira mwembamba. Turbo ikipandisha 14, regyuleta nayo hupandisha petroli kwa 14. Ile 43 inakuwa 57, na tofauti inabaki pale pale.

Hilo nililielewa haraka kwa sababu ya kazi yangu. Ubongo nao hulishwa hivyo: damu hupita kwa tofauti kati ya presha ya mishipa na presha iliyo ndani ya fuvu. Mtu aliyeumia kichwa, fuvu likajaa presha, anaweza kuwa na presha ya mkononi inayosomeka vizuri na bado ubongo wake ukakosa damu. Namba moja peke yake haitoshi.

Petroli ikipungua turbo inaposukuma, joto hupanda mno, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni hupasuka au kuyeyuka. Injini inanoki. Hilo halitokei ukiwa umesimama kwenye foleni ya Ubungo, maana pale turbo haisukumi kitu. Hutokea unapokanyaga mafuta: unapolipita lori, au unapopanda Kitonga, watoto wakiwa nyuma na gari limejaa mizigo. Gari kukata nguvu katikati ya kulipita lori ni hatari ya maisha.

Fundi alifunga geji kwenye njia ya petroli na kuwasha gari. Kwa kawaida injini ikiwa kwenye silensa, geji husoma karibu 33, kwa sababu njia ya hewa hapo inavuta. Ukichomoa ule mpira wa regyuleta, hupanda hadi 43. Ya kaka ilisoma karibu 43 tangu mwanzo. Fundi akachomoa mpira, sindano haikusogea. Akaukunja mpira mbele yetu, ukafunguka ufa mwishoni. Kumbe hata kwa nguvu ya kiwandani gari hilo lilikuwa linanyimwa petroli kila lilipopanda mlima, na ule mtetemo wa foleni ulikuwa hewa inayoingilia kwenye ufa huo.

Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja kilibadilishwa, pamoja na filta. Kuhusu kuongeza nguvu, fundi alieleza kwamba pampu inaposukuma dhidi ya presha kubwa hutoa lita chache zaidi kwa dakika. Pampu ile ilikuwa ya zamani. Angehitaji pampu mpya, huenda na nozeli kubwa, na kompyuta ya gari ipangwe upya. Kaka alipiga hesabu kimya kimya, akasema, "Basi, tuiache." Iringa tulifika, na ada ililipwa.

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kuna gari lenye turbo, shika haya machache. Anayetaka kuongeza nguvu aanze kwa kupima presha ya petroli, gari likiwa kwenye silensa na pia turbo ikiwa inasukuma. Mipira ya petroli iwe ile iliyotengenezwa kwa petroli yenye presha. Mpira wa maji hupasuka, na petroli ikirukia injini ya moto gari huwaka. Presha itolewe kabla ya kufungua njia yoyote ya petroli, watoto wakiwa mbali na pasiwe na sigara wala moto. Magari mapya ambayo petroli huingia moja kwa moja ndani ya silinda yana presha kubwa mara nyingi zaidi ya hii, hayo waachie mafundi wenye vifaa vyake.

Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, simama, zima, teremsha watoto. Mbali na moto, petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu.

Na fundi akikuambia hana geji lakini anaweza kuongeza turbo leo leo, mshukuru, uondoke na gari lako.