Leseni ya ugenini, barabara za nyumbani

KILA Desemba ikibisha hodi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi hufurika Wakenya wanaorudi nyumbani kutoka Uingereza, Marekani, Ujerumani na nchi za Ghuba. Wazee walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini anayerejea siku hizi aghalabu hataki kubanwa na masanduku yake ndani ya matatu. Anataka kukodi gari, ajiendeshee mwenyewe hadi kwao, awapeleke wazazi hospitalini na kanisani, kisha arudi Nairobi kwa wakati wake.

Hapo ndipo swali linapozuka. Mfukoni ana leseni ya kuendesha gari, lakini imetolewa na nchi nyingine. Je, itakubalika? Na ikikubalika, je, inamtosha?

Ikiwa wewe msomaji una ndugu anayetarajiwa, au ni wewe mwenyewe unayefunga virago huko uliko, hebu tuyatazame mambo haya mapema. Gari la kukodi linaweza kuipa likizo ladha, na linaweza pia kukumalizia akiba ya mwaka mzima kwa alasiri moja.

Mgeni wa siku 90

Kwa jumla, mtu aliyekuja Kenya kwa ziara anaruhusiwa kuendesha gari kwa leseni halali ya nchi anakotoka kwa muda usiozidi siku 90. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leseni ya kigeni imeongezewa siku, lakini jembe lake linaisubiri: ukizidisha muda huo, huna budi kutafuta leseni ya Kenya kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA).

Leseni hiyo ya ugenini sharti iwe haijapitwa na wakati, na iwe ya aina ya gari utakaloendesha. Beba yenyewe, si nakala wala picha iliyo kwenye simu. Ikiwa imeandikwa kwa Kiarabu, Kijerumani au lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza, afadhali uwe pia na kibali cha kimataifa cha udereva.

Kibali hiki huwatatiza wengi. Si leseni. Ni kijitabu kinachoifasiri leseni yako kwa lugha kadhaa, chini ya mikataba ya kimataifa kama ule wa Geneva wa mwaka 1949. Bila leseni yenyewe kando yake, hakina maana yoyote. Isitoshe, hutolewa na nchi ile ile iliyokupa leseni, kwa hivyo kitafute kabla ya kuabiri ndege. Jihadhari na matapeli wanaouza vijitabu vya kupendeza na kudai kwamba ukiwa nacho huhitaji leseni nyingine popote duniani.

Mgeni au mwenyeji?

Kwa mtalii mambo ni rahisi. Anaonyesha pasipoti, anaonyesha leseni, anatia sahihi. Kwa Mkenya anayerejea, karani wa kampuni ya magari anaweza kusita kidogo. Jina ni la hapa, Kiswahili kinatiririka, na kitambulisho cha taifa kiko mezani. Lakini leseni ni ya Texas. Huyu ni mgeni au mwenyeji?

Swali hilo huchoma moyo, hasa kwa mtu aliyekaa miaka akihesabu siku za kurudi kwao. Tangu Katiba mpya ilipoanza kutumika Agosti 2010, Mkenya anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili, na kuna wengi ambao wana pasipoti mbili mkobani. Lakini zile siku 90 ni za mtu anayezuru. Kwa hivyo beba pasipoti yenye tarehe uliyoingia nchini, ili afisa wa trafiki akiuliza umekuwa hapa tangu lini, jibu liwe kwenye karatasi na si mdomoni tu.

Kwa anayekuja kila mwaka, au anayepanga kukaa, dawa ni moja: awe na leseni ya Kenya. Wengi waliosafiri zamani waliacha nyumbani kile kijitabu chekundu kilichokuwa kikibandikwa karatasi za malipo. Kukipata kabatini kwa nyanya kikiwa salama si hoja, maana kisipolipiwa huwa kimelala. Leseni mpya ni kadi ngumu, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, na maombi hufanywa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Anza shughuli hiyo mapema, si mkesha wa Krismasi.

Soma maandishi madogo

Jambo lililo zito kuliko leseni ni bima. Sheria ya Kenya inataka kila gari lililo barabarani liwe na bima ya kuwalinda wengine wanaoweza kuumizwa nalo. Lakini bima za magari hazifanani. Mtu anaweza kukukodisha gari lake la nyumbani kwa bei nafuu, kwa sababu ni rafiki wa binamu yako, ilhali bima yake ni ya matumizi ya kibinafsi tu. Likigongwa, kampuni ya bima huuliza lilikuwa mikononi mwa nani na kwa malipo gani. Ikibainika lilikodishwa, inaweza kukataa kulipa, na deni likakuangukia wewe na yule rafiki.

Leseni nayo inaingia hapa. Bima nyingi zina sharti kwamba dereva awe ameruhusiwa kisheria kuendesha. Ukiendesha kwa leseni iliyokwisha muda, au siku ya 95, hatari yako haiishii kwa kutozwa faini. Unaweza kujikuta hujakingwa na chochote.

Basi kabla ya kutia sahihi, uliza haya: Bima hii inaruhusu gari kukodishwa? Inamkubali mwenye leseni ya kigeni? Ajali ikitokea, kiasi gani cha kwanza kitatoka mfukoni mwangu? Je, ndugu yangu akishika usukani nikichoka, naye amekingwa? Kampuni nyingi hutaka dereva awe na umri wa miaka 23 au 25 na zaidi, na awe na leseni kwa miaka miwili hivi. Mpwa wako wa miaka 20, hata akiwa hodari namna gani, hayumo.

Uliza pia juu ya amana, kilomita unazoruhusiwa kwa siku, na kama gari linaweza kuvuka mpaka. Anayetaka kupitiliza hadi Uganda kumsalimu shangazi atahitaji idhini ya mwenye gari pamoja na bima inayovuka mpaka, kama ile kadi ya njano ya COMESA. Kisha lizunguke gari na upige picha kila mkwaruzo. Fungua buti uone tairi la akiba, jeki, na zile pembetatu mbili zinazong'aa za kuwekwa barabarani gari likiharibika. Askari wa trafiki hupenda sana kuziulizia.

Mkono wa kushoto

Aliyejifunza kuendesha Uingereza hatapata taabu, kwa kuwa kule pia ni mkono wa kushoto. Anayetoka Marekani, Ujerumani, Dubai au Qatar amezoea mkono wa kulia, na mwili wake una mazoea ambayo akili haiwezi kuyafuta kwa siku moja.

Wengi hudhani hatari iko kwenye msongamano wa magari. Sivyo. Penye magari mengi, wenzako wanakuongoza. Hatari iko alfajiri, barabara ikiwa tupu, unapotoka kituo cha petroli ukiwa unawaza mengine. Mkono unazungusha usukani kuelekea upande wa kule ulikotoka, na lori linatokea kwenye kona. Mwombe aliye kando yako akukumbushe "kushoto" kila mnapotoka mahali. Watoto huipenda kazi hiyo.

Kwenye mizunguko, magari huzunguka kama mishale ya saa, na unayempisha ni yule anayetoka kuliani kwako. Usishangae pia ukitaka kuonyesha taa ya kukata kona, mara vifuta mvua vikaanza kucheza kwenye kioo kikavu. Magari mengi hapa hutoka Japani yakiwa yametumika, na swichi ya taa hiyo iko upande wa kulia wa usukani.

Na jambo hili ni la kila mtu: usiendeshe siku unayotua. Aliyekaa ndani ya ndege usiku kucha ana macho mazito hata kama moyo wake uko macho. Lala Nairobi. Nyumbani hakuhami.

Kuelekea magharibi

Tuchukue safari ya Kisumu, kama kilomita 350 hivi. Kutoka upande wa uwanja wa ndege unaweza kupanda ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Unalipa ada kwenye kibanda, lakini haina bodaboda wala watembea kwa miguu, na kwa dereva ambaye mkono wa kushoto bado unamsumbua, hiyo ni nafuu kubwa.

Ukishuka Westlands unapita Kangemi, Uthiru na Kinoo hadi Rironi. Hapo njia hugawanyika. Ya kushoto huteremka Mai Mahiu, ikiukumbatia ukuta wa Bonde la Ufa. Ni nyembamba, na malori yaliyolemewa na mizigo huitumia mno. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano ndio walioijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilojenga mwaka 1942 lingali pale chini kando ya barabara. Ya juu hupitia Limuru na Kinungi, kwenye viazi, kabichi na karoti zilizopangwa mafungu mafungu. Huko asubuhi ukungu unaweza kutanda hata usione pua ya gari lako. Njia zote mbili zina mahali pa kusimama kulitazama bonde na mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776. Simama pale palipotengwa. Usisimame konani kwa sababu ya picha.

Njia hizo hukutana tena Naivasha. Baada ya hapo angalia punda milia na nyani, maana hawasomi alama za barabarani. Ukivuka Gilgil, ziwa Elmenteita litakuchekea upande wa kushoto, kisha uingie Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021.

Katika barabara hii utajifunza lugha ambayo hakuna mtihani wa leseni unaoifundisha. Dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha taa ya kulia bila ya kukata kona, anakuambia usinipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakupa njia. Ni heshima ya barabarani, lakini yeye si macho yako. Hakikisha mwenyewe. Gari linalokuja likikumulikia taa, mbele huenda kuna askari, ajali au ng'ombe. Na matuta! Mengine hayana rangi wala ibara, yamejificha kwenye kivuli cha mti. Ukiona vibanda, bodaboda na watu wakivuka, punguza mwendo kabla hujaliona tuta lenyewe. Mjini kiwango ni kilomita 50 kwa saa.

Baada ya Nakuru, mteremko wa Salgaa na Sachangwan unadai adabu. Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuwaua zaidi ya 100. Ukikuta lori la mafuta limepinduka, usisimame kutazama.

Mau Summit njia hugawanyika tena. Anayeendelea mbele huelekea Timboroa na Eldoret. Anayekata kushoto huenda Kericho, ambako majani ya chai yametandazwa pande zote mbili kama zulia. Kisha barabara huteremka kwenye joto la Awasi na Ahero penye mpunga. Jioni jihadhari na matrekta ya miwa, kwani mengine huvuta mzigo bila taa ya nyuma. Toka Nairobi alfajiri ili uwe Kisumu kabla jua halijazama. Usiku si wa mgeni, hata aliyezaliwa huko huko.

Kukodi na dereva

Kuna njia nyingine ambayo wengi huiona kama aibu: kukodi gari pamoja na dereva wake. Gharama huongezeka, kwa kuwa utamlipa, umlishe na umtafutie mahali pa kulala. Lakini zile hoja za leseni, mkono wa kushoto na siku 90 zinakwisha. Wewe unakaa nyuma na mama, mnaongea mambo ya miaka mitano iliyopita, badala ya kukodolea macho matuta.

Kwa nini basi ni aibu? Kwa sababu wengi hukodi gari ili kijiji kione kwamba wamefaulu, na aliyefaulu hutarajiwa kuonekana kwenye usukani. Akifika tu, gari hugeuka la ukoo. Huyu anataka kupelekwa sokoni, yule ana mgonjwa, na mjomba anataka kulijaribu hadi njia panda. Jibu la heshima ni kuonyesha mkataba: "Mjomba, jina lililoandikwa hapa ni langu peke yangu. Likiguswa, nitalipa mimi." Wazee wanaelewa deni.

Kama wewe ndiwe unayemsubiri ndugu kutoka ng'ambo, mwandikie leo. Mwulize leseni yake inaisha lini, na kama ile ya Kenya alishaifufua. Mwambie pia kwamba hata akifika kwa matatu, kuku atachinjwa vile vile. Safari njema.