Usiitupe Saa ya Mzee

Je, umerithi saa kuukuu na watu wakakwambia ni takataka? Usiitupe. Igeuze kwanza, usome mgongo wake.

Mimi nilirithi Seiko ya marehemu baba yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe hapa Garissa. Mgongoni iliandikwa 6119, ndiyo aina ya mashine, na nambari nyingine inayoanza na 43. Katika Seiko za zamani, tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi. Mashine hiyo haikutengenezwa 1964 wala 1984. Basi saa ni ya Machi 1974.

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtaa wa Bulla Kartasi ulipoteketezwa Novemba 1980, vyeti na picha zetu vyote viliungua. Kilichosalia ni kile kilichokuwa mkononi mwa baba.

Fundi mmoja alitaka kuupaka uso wake rangi na kubadilisha mishale. Nilikataa. Nilimwomba asafishe vumbi, atie mafuta mapya, maana ya kale hukauka, na abadilishe mpira wa kuzuia maji. Mikwaruzo aiache.

Saa hii haitiwi ufunguo. Hujijaza kwa mwendo wa mkono. Kwa hiyo naivaa kila siku. Nawe ukipeleka yako, mwambie fundi akurudishie kila kipande anachotoa. Saa iliyofanywa mpya kabisa ni ya duka, si ya mzee wako tena.