Mrembo Avuta Gari la Kufungua Paa, Mama Mzazi Aomba Bajaji

Kuna mpamba maharusi mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, ambaye tangu yuko form two anaota gari la kufungua paa. Tena sio la kupigia picha tu, la kwendea kazini kila siku, Tegeta mpaka Posta.

Mwanzo moyo ulikuwa kwenye Benz SLK. Bei haikumtisha, kilichomtisha ni paa: likikunjwa linalala kwenye buti, sasa masanduku ya make-up akae nayo wapi? Na likigoma, fundi wake sio wa chini ya mwembe. Akageukia Mazda Roadster, ile ile MX-5. Ya turubai ilikuwa rahisi, ila turubai na wembe wa vibaka, wadau mnajua wenyewe. Akachukua ya 2007 yenye paa gumu, linajikunja nyuma ya viti kwa sekunde kama 12 na buti linabaki. Ushuru wa uchakavu ukamkomba akiba yote.

Kwenye foleni ya Mwenge saa saba mchana paa halifunguliwi, mtu ataiva! Anafungua usiku. Matuta anayapanda kiubavu kama kaa.

Kinachouma ni viti, viwili tu. Vitz aliyoiuza ilimbeba mama na mdogo wake kwenda kliniki ya presha. Sasa mama anashuka kitini kama anaingia shimoni, magoti yanalia, mdogo mtu anafuata na boda. Juzi mama kasema, "Gari zuri mwanangu, ila mie niitie bajaji."

Kaita. Na ile Vitz bado inapita mtaani hapo kila asubuhi.