GRAMAFONI ZA UFIPA: Angalia usiuziwe mbuzi kwenye gunia!

KAMA unatafuta gramafoni ya kizamani, ile ya kutia ufunguo kwa mkono ndipo iimbe, usikimbilie maduka ya vinyago ya Dar. Panda basi uende Sumbawanga. Siku hizi ni lami toka Tunduma, hufiki tena umejaa vumbi kama muuza unga. Ila beba sweta! Mji uko juu, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, na upepo wa Juni kule hauna adabu.

Wenyeji watakwambia jina la mji maana yake ni "tupa uchawi". Mimi sikufuata uchawi, nilifuata santuri.

Kwa nini Ufipa? Tazama ramani, msomaji wangu. Toka Sumbawanga unakwenda Matai, unafika mpakani Kasesya, mbele yake ni Mbala ya Zambia, iliyoitwa Abercorn enzi za mkoloni. Vijana wa Kifipa walivuka kwenda kusaka kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti. Aliyerudi na baiskeli na gramafoni, huyo alikuwa mtu bwana! Ndiyo maana kule nimekuta santuri za HMV zenye picha ya mbwa zikilala pamoja na Gallotone za Afrika Kusini, kampuni iliyotoa nyimbo za mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952.

Mjini nilioneshwa moja yenye pembe ya shaba inayong'aa hadi unajiona meno. Bei yake si mchezo. Nikaigeuza chini: mbao mpya iliyopakwa rangi ya uzee, skrubu zinameta, nembo ya mbwa imebandikwa upande. Jamani, hizo nyingi huungwaungwa India, kwa mashine iliyong'olewa kwenye gramafoni ya sanduku. Nikaaga.

Ya kweli niliikuta kijijini, upande wa Matai, kwa bibi mmoja mjane. HMV 102, sanduku jeusi la kubeba mkononi, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Na wewe umekuja na jogoo?"

Kumbe mchuuzi mmoja alishampa bei ya jogoo wawili.

Nikaanza kuipima. Kwanza, zungusha mkono wa ufunguo: ukizunguka tu bila kukaza, springi imekatika. Huu ulikaza. Pili, chomeka kikaratasi chini ya santuri, shika saa, hesabu mizunguko: iwe 78 kwa dakika. Tatu, ufunguo mmoja umalize upande mzima, kama dakika 3, bila wimbo kulegea kama mlevi. Ilimaliza. Ikigonga ndani dug, dug, grisi ya springi imekauka. Nne, chunguza kichwa kinachoshika sindano: chuma chake kikiwa na nyufa, hapo pana kazi. Hiki kilikuwa kizima, ila kilikoroma kwa sababu mpira wake umekauka. Huo hubadilishwa.

Bibi aliniuliza, "Sasa sema kweli, ni mali au takataka?"

Ningeweza kunyamaza, nikaongeza jogoo wa tatu na kuondoka nayo. Lakini mjukuu wake alikuwa anakwenda shule ya bweni, anadaiwa godoro, sare na nauli. Nikamwambia ni mali, na kasoro yake nikamwonyesha. Tukakubaliana kwa bei ya mbuzi wanne, noti mkononi, mjukuu akihesabu.

Santuri alinipa zote isipokuwa moja. "Hii ina mwandiko wa babu yako," alisema, akaifunga kwenye khanga. Sikubishana. Nyumba ambayo haina tena gramafoni imebaki na santuri.

Ukipata yako, badilisha sindano ya chuma kila upande mmoja wa santuri. Usithubutu kuweka santuri za plastiki za miaka ya sabini. Mkono ule mzito utazilima kama jembe. Santuri za kale nazo usiziangushe, huvunjika kama sahani ya udongo.

Na ukifika kwa wazee, shikamoo kwanza, bei baadaye. Bei yenyewe iwe ya haki, maana jogoo wawili hawanunui godoro.